Makongoro kwa Ajili ya Hamira

Mwaka ambao baba alianguka kutoka kwenye dungu, mimi nilikuwa nimeajiriwa kuwatoa konokono matumbo. Ndivyo mtaa mzima wa Viwanja Sitini ulivyoielewa kazi yangu, na sikuwa na nguvu ya kubishana nao. Waliniona jioni nikichakura chini ya migomba na ndoo, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, na asubuhi waliniona naondoka na ndoo ile ile imefunikwa kitambaa, nimevaa koti jeupe. Nani angewashawishi kwamba hiyo ni sayansi? Hata mama yangu mzazi, akiulizwa na wenzake wa jumuiya, alijibu, "Anafanya kazi maabara," kisha akabadilisha mazungumzo haraka haraka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bosi wangu, ambaye sote tulimwita daktari ingawa hakutibu mtu, alikuwa mwanamama aliyesomea vijidudu. Alitafuta dawa ya fangasi kwenye majani na magome yaliyoletwa kutoka upande wa Mang'ula. Alinieleza siku ya kwanza tu kwamba fangasi ana kitu ambacho mwili wa binadamu hauna: kila chembe yake imezungushiwa ukuta. Ukimzuia asijenge ukuta, anakufa yeye na mgonjwa anabaki salama. Kwa hiyo alitaka kwanza kuujua ukuta unavyoanza kujengwa, na kwa kuwa fangasi wa magonjwa si wa kuchezea, tulitumia ndugu yao mpole, yaani hamira. Hamira hii hii ya maandazi, ya pakiti, nilikuwa nainunua dukani Kibaoni.

Sasa, ili umwone mtu anavyojenga nyumba, inabidi uanze kwa kumbomolea aliyo nayo. Hapo ndipo konokono walipoingia. Konokono akikaa na njaa kwa siku kadhaa, tumboni mwake hukusanyika maji ya rangi ya chai ambayo yanayeyusha ukuta wa hamira. Unachanganya, unasubiri, unachungulia kwenye hadubini. Zile chembe zilizokuwa na umbo la yai zinageuka mviringo, laini, hazina kitu juu. Ziko uchi. Mara ya kwanza kuziona nilizionea huruma, sifichi. Ukizidondoshea maji ya kawaida zinayanywa, zinavimba, zinapasuka, kwisha habari yake. Ndiyo maana tuliziweka kwenye maji ya chumvi ya maabara, yaliyopimwa vizuri, ili zisinywe kupita kiasi.

Lakini hata humo kwenye chumvi, zikiwa zinaelea tu, haziwezi kumaliza ukuta. Zinaanza vizuri. Zinatoa nyuzi nyembamba zinazosukana kama wavu, ila vile vitu vya kuziba wavu vinachukuliwa na maji, vinapotea. Chembe inahangaika, inasuka, haifungi. Lakini ukiishikiza ndani ya kitu kilichoganda, ikabanwa pande zote, inachotoa kinabaki pale pale na ukuta unakamilika. Sisi tulitumia unga wa kugandishia uliokuwa unakuja kwa treni kutoka Dar, na daktari aliutunza kuliko mshahara wake.

Nimemaliza ya kazini. Sasa baba.

Baba yangu alikuwa Mpogoro wa Mahenge aliyeshuka bondeni akiwa kijana, akaoa Mndamba, akalima mpunga maisha yake yote. Mtu wa maneno machache na kiburi kingi. Mimi kwake nilirithi kiburi. Maneno nilipewa na mama. Kila msimu mpunga ulipoanza kutoa maziwa, alihamia shambani na kulala juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, ili awafukuze ndege tangu alfajiri. Asubuhi moja ya mvua akateleza kwenye ngazi. Mfupa wa muundi ukavunjika. Hospitali wakamfunga hogo la plasta kutoka unyayoni hadi pajani, na mpunga tukauvuna bila yeye, huku akituma maagizo kutoka kitandani kama mkuu wa wilaya.

Hapo bado alikuwa baba tunayemjua. Shida ilianza hogo lilipotolewa. Mganga wa mifupa akampiga picha, akamwambia mfupa umeunga, aanze kusimama kidogo kidogo kwa magongo. Baba akaitikia vizuri kabisa, akashukuru, akarudi nyumbani akakaa kwenye kitanda cha kamba pale ukumbini. Hakusimama. Si siku hiyo, si wiki hiyo, wala mwezi uliofuata. Mguu ulikuwa umekonda, ngozi imepauka, na yeye alikuwa anaufunika kwa shuka hata wakati wa joto, hataki uonekane.

"Haujashika huu," alisema. "Mimi ndiye nina mguu, mimi ndiye nausikia."

"Baba, picha inaonyesha umeshika."

"Basi picha isimame."

Nilikasirika mno. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo yangu ya konokono, nikalazimika kuwaokota mmoja mmoja, nikakasirika zaidi. Leo naelewa kwamba alikuwa anaogopa. Wakati ule sikujua kwamba baba anaweza kuogopa. Mtu aliyelala juu ya dungu na viboko wanapita chini yake, ataogopaje sakafu ya nyumba yake mwenyewe?

Mama hakubishana naye. Yeye alipika makongoro. Kwetu mtu akivunjika anapikiwa miguu ya ng'ombe, iive mpaka nyama iachane na mfupa na mchuzi ushikane na midomo, maana inasemekana ndiyo inayounga. Kila machinjio walipochinja, mama alikuwepo. Nyumba ilinuka makongoro, nguo zilinuka makongoro, na mimi kazini nilinuka makongoro na konokono. Baba alionja vijiko vichache, akashukuru, akaweka bakuli chini ya kitanda.

Kisha siku moja, bila kututazama, akasema, "Mwambieni jirani wa bondeni aje tuongee. Shamba alichukue yeye. Msije mkalala njaa kwa sababu yangu."

Jirani huyo alipakana naye shamba tangu zamani, mtu mwema, akajibu kwamba atakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya misa. Mama aliingia jikoni akaangalia mbegu ya mpunga aliyokuwa ameitundika juu ya moto ili isiliwe na wadudu, akaifunga kamba upya ingawa haikuwa imelegea. Mimi nilijua, na mama alijua, kwamba baba akilitoa lile shamba hatasimama tena. Asimamie nini?

Ni katika siku hizo hizo ule unga wa kugandishia ulipofika kutoka Dar chupa ikiwa imevunjika njiani. Tulifungua boksi tukakuta unga na vigae vya chupa vimechanganyika. Daktari aliketi akalitazama boksi muda mrefu. Kuagiza mwingine kulimaanisha kusubiri mpaka hatujui lini, na juisi ya konokono kwenye friza ilikuwa inazidi kuchakaa.

Kesho yake asubuhi, kulikuwa na baridi ile ya katikati ya mwaka, nikaenda kuchukua bakuli la baba chini ya kitanda. Alikuwa hajaligusa. Nikaliinamisha nimwage, mchuzi haukumwagika. Nikaligeuza juu chini. Ulikuwa umeganda, umeshika bakuli, hausogei. Nilisimama pale na bakuli kichwa chini mpaka baba akaniuliza kama nimeugua.

Nilimsimulia daktari nikitegemea anicheke, na kweli akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akafuta machozi akasema watu wa mwanzo waliofanya kazi hii walitumia kitu cha namna hiyo hiyo, kinachotoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na kwamba kwenye chumba chetu chenye kiyoyozi hakitayeyuka. "Ila kiwe safi, binti. Makongoro na maji tu. Chemsha sana, chuja, toa mafuta. Kisiwemo kingine chochote. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama, "Naomba unipikie makongoro ya kupeleka kwa daktari. Maji na makongoro tu, usiweke kitu." Kosa langu likawa hapo pa "kupeleka kwa daktari".

Mama yangu hajawahi kumpa mgeni chakula kisicho na chumvi, na hakuwa tayari kuanza na bosi wa mwanae. Alinisikiliza, akaitikia, akapika. Asubuhi akanikabidhi sufuria imefungwa kwa kanga mpya. Mchuzi ulikuwa mweupe, mzito, umechujwa, hauna mafuta hata tone. Nikaupeleka. Tukaulainisha kwenye moto, pua zetu zimejaa harufu ya konokono, tukaupimia chumvi yetu, tukaziweka chembe zetu tupu humo, tukagandisha, tukasubiri kwa heshima zote. Tulipochungulia, hakuna iliyopona. Zilikuwa zimesinyaa, nyeusi nyeusi, zote. Daktari akachukua chombo akakisogeza puani. Akanitazama.

"Binti, hiki ni kitunguu saumu."

Kilikuwa kitunguu saumu kibichi kilichotwangwa, na ndimu, na pilipili, na chumvi ya mezani. Vitu ambavyo fangasi anavichukia kuliko hata dawa yetu. Daktari alivuta tena harufu, akasema taratibu, "Kwa kweli, mama yako anajua kupika."

Nilirudi nyumbani moto unawaka kichwani. "Mama, nilikwambia usiweke kitu."

"Sikuweka kitu. Nimeweka viungo."

"Nilisema maji na makongoro tu."

"Nitampelekea mtu wa watu mchuzi wa mgonjwa wa tumbo? Aseme umelelewa wapi?"

"Mama, si wa kwake. Ni wa hamira."

Mama aliketi kwenye kigoda, mwiko mkononi. "Hamira," akasema, "inanyweshwa supu."

"Hainyweshwi. Inalazwa humo."

"Inaumwa nini?"

Nikasikia sauti ya ajabu kutoka ukumbini. Ilinichukua muda kuitambua. Baba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, kitanda cha kamba kikalia. Mama akaweka mwiko chini polepole, asije akaifukuza ile sauti, na sote wawili tukabaki jikoni tukiisikiliza. Machozi yalinitoka nikiwa bado nimenuna.

"Njoo hapa," baba aliita. "Hiyo hamira imefanya nini?"

Nikaenda nikakaa sakafuni karibu na mguu wake uliofunikwa, nikamweleza yote, konokono, ukuta, chembe uchi, maji yanayozipasua. Sikuwahi kumweleza kabla. Hakuwahi kuuliza, na mimi na kiburi changu sikuwahi kusogeza mada. Alinisikiliza akitazama dari. Alikuwa amejenga nyumba tatu za miti na udongo kwa mikono yake, na hii tuliyokaa ya matofali aliisimamia mwenyewe.

"Wakijenga upya," aliuliza, "wanaanza na fito au wanaanza na udongo?"

"Fito, baba. Wanasuka kwanza nyuzi, halafu ndiyo wanakandika."

"Ehee." Aliridhika. "Na wewe umeziona hizo fito?"

"Sijaziona. Hadubini yetu haifiki huko. Daktari ndiye anajua. Ninachokiona mimi ni kwamba ukuta ukianza, ukingo unaong'aa wa chembe unafifia, unakuwa na mikwaruzo, halafu siku nyingine chembe inachipua mtoto."

"Nataka kuona."

Mama alikuwa mlangoni. Tulitazamana. Mtu huyu alikuwa hajataka kuona hata ua wa nyumba yake tangu hogo litolewe.

Sufuria ya pili mama aliipika bila kitu. Niliketi jikoni nikimlinda, na kila mara mkono wake ulipojisogeza kuelekea kopo la chumvi aliurudisha mwenyewe, akaguna. Safari hii chembe hazikufa. Zilikaa ndani ya ule mgando, zimetulia, na nilipochungulia kila asubuhi moyo ulinidunda kama ninakwenda kumwona mtoto aliyelazwa. Ukingo ulianza kufifia. Kisha nikaona moja imetoa kinundu pembeni. Nikamwita daktari, naye akainama akatazama, akanipiga piga begani.

Jumamosi tukampeleka baba kwa baiskeli. Alikaa kwenye keria, mguu umenyooshwa, mimi nikisukuma usukani na mama akimshika kwa nyuma, njia nzima watu wanatusalimia na yeye anaitikia kwa kichwa kama askofu. Daktari alitupokea mlangoni. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mama. Nimekuja kuona mafundi wako." Tukamkalisha kwenye stuli.

Kwanza nilimwekea kwenye hadubini chembe zilizovuliwa ukuta asubuhi ile ile. Ilimchukua muda kujifunza kufumba jicho moja bila kufumba na la pili. Kisha akatulia. "Duara nyingi," akasema. Nikadondosha maji pembeni mwa kioo kilichobeba chembe. Akaendelea kutazama. Nilimwona mgongo ukikaza.

"Zimeenda wapi?"

"Zimepasuka, baba."

Nikatoa kioo, nikaweka kingine, cha zile zilizokaa ndani ya makongoro ya mama, ambazo nilikuwa nimeyeyusha mgando wake kwa joto la kiganja. Akatazama. Nikadondosha maji.

"Tia."

"Nimeshatia."

"Tia tena."

Nikatia tena. Alitazama mpaka mama akaanza kusogeza miguu. Alipoinua uso, jicho lilikuwa jekundu kwa kukaza. "Hizi nani amezikandika?"

"Zimejikandika zenyewe. Sisi tumezishikilia tu."

"Na unajuaje kama ukuta umekauka? Kabla hujatia maji?"

"Hatujui, baba. Tunatia, tunaona."

"Na ukiwahi?"

"Zinapasuka."

Akatikisa kichwa kidogo. Kisha akasema kwa upole, bila ubishi wake wa kawaida, "Nyie mna pakiti nzima ya hamira, mwanangu. Mimi mguu huu ukipasuka, sina mwingine."

Nilitamani kumwambia hautapasuka, lakini alikuwa ametoka kuona kwa jicho lake mwenyewe kwamba hata sisi wa makoti meupe hatujui mpaka tutie. Mama akamfuta jasho la shingo kwa upindo wa kanga. Tukampandisha baiskeli, tukarudi.

Siku zilizofuata hakusimama. Ila alianza kumaliza supu. Na niliona kwamba shuka halipo tena juu ya mguu. Aliuacha wazi, mara nyingine anaukandakanda kwa vidole, akiutazama.

Jumapili ya jirani ikafika. Tulirudi kutoka misa, mama akabandika wali na kuku, maana mgeni ni mgeni hata kama amekuja kuchukua shamba. Niliangalia juu ya moto, mbegu bado ilikuwa inaning'inia. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kuchambua mchele.

"Njooni hapa wote wawili," baba aliita kutoka ukumbini.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili sakafuni. Magongo yalikuwa yameegemea ukuta na hakuyaangalia. "Nishikeni," alisema. "Sana. Pande zote."

Mama akaingia chini ya kwapa la kulia, mimi nikaingia la kushoto nikamzungushia mikono yote miwili kiunoni. Tukamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na hilo lilinihuzunisha. Akasimama kwa mguu mzima kwanza. Kisha akaushusha ule mwingine, kisigino, halafu unyayo.

"Msiachie."

Hatukuachia. Tulikaa hivyo, watatu tumebanana katikati ya ukumbi. Nilisikia anavyotetemeka, na jasho lake lilipita kwenye gauni langu la kanisani. Kuku alianza kuungua jikoni na mama hakugeuza hata shingo. Mkono wangu ulikufa ganzi. Nilimbana zaidi.

Baada ya muda mrefu nikamsikia anavuta pumzi.

"Haya," alisema. "Tieni maji."

Mama aliachia wa kwanza. Akatoka chini ya kwapa, akarudi nyuma hatua, mikono ameinyoosha bado. Mimi sikuweza. Nilimng'ang'ania, uso nimeuficha ubavuni mwake, mimi niliyekuwa nikimgombeza kila siku asimame. Mama ndiye aliyenisogelea akanibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, akanivuta pembeni.

Baba alisimama. Mguu ulicheza, ukatulia. Alikuwa anautazama kwa makini yale yale aliyotazama nayo kile kioo, na sisi tulikuwa tunamtazama yeye, na ndipo jirani akapiga hodi mlangoni.

"Karibu," baba aliitikia bila kuinua macho. "Mpeni kiti, mpeni na chakula, ametoka mbali. Lakini shamba nitalima mwenyewe."